Mwili Hautulii kwa Amri

Mtu aliyeshikwa na wahka akiambiwa atulie, ni nadra kutulia. Aghalabu neno lile lile alilopewa kwa nia njema humzidishia mashaka, kwa kuwa sasa ana mambo mawili ya kumhangaisha, la kwanza lile lililomfadhaisha tangu hapo, na la pili aibu ya kushindwa kuitii amri iliyoonekana nyepesi. Hapana awezaye kuuagiza moyo wake upunguze mapigo ukamsikiliza, wala kuliamuru tumbo lililojikunja kwa hofu likunjuke. Ila zipo njia chache ambazo kwazo mwenye mwili huweza kusema na mwili wake ukaelewa, nazo ni pumzi, misuli, ngozi na mwendo. Juu ya njia hizi nne umejengwa, katika muda wa miaka mia iliyopita, ujuzi mkubwa wenye majina mengi na walimu wengi, na katika zama zetu wenye wafanyabiashara wengi vilevile. Nia yangu ni kuupima ujuzi huo, nikitenga yaliyothibiti na yaliyo dhana, na kuonyesha kwamba katika matawi yake yote kiungo chenye kutibu ni upole wenyewe, na kwamba kila mara upole ulipoachwa kwa ajili ya haraka au nguvu, faida nayo ilipungua.

Msingi wa habari hii umo katika mishipa ya fahamu isiyongoja ruhusa ya akili. Tawi lake la kwanza ni lile la kujihami. Mwaka 1915 Walter Cannon, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, alitoa kitabu juu ya mabadiliko ya mwili wakati wa maumivu, njaa, hofu na ghadhabu, akaeleza jinsi tezi zilizo juu ya mafigo zinavyomwaga adrenalini katika damu, moyo ukaenda mbio, mboni za macho zikapanuka, na damu ikaliacha tumbo ikaifuata misuli, ili kiumbe apigane au akimbie. Tawi la pili ni la kurejesha raha, na mshipa wake mkuu ni vagasi, ule wa kumi katika mishipa ya kichwa, utokao katika shina la ubongo ukashuka shingoni hadi kwenye moyo, mapafu na matumbo. Mwaka 1921 Otto Loewi, aliyekuwa akifundisha Graz katika Austria, alitangaza majaribio yake juu ya mioyo ya vyura: aliusisimua mshipa wa vagasi wa moyo mmoja hata ukapunguza mapigo, kisha akayachukua maji yaliyokuwamo ndani ya moyo huo akayatia katika moyo mwingine ambao mshipa wake haukuguswa, na huo nao ukapunguza mapigo. Kwa kazi hiyo yeye na Henry Dale wa Uingereza walitunukiwa Nishani ya Nobel mwaka 1936. Maana yake kwetu ni kubwa, kwa sababu ilidhihirika kwamba utulivu nao ni kazi ifanywayo mwilini kwa vitu vyake maalumu, wala si kutokuwapo kwa hofu tu. Fauka ya hayo, sehemu kubwa ya nyuzi za vagasi huchukua habari kutoka mwilini kuzipeleka kwenye ubongo. Kwa hiyo ubongo husikia habari za mwili kuliko unavyoutumia mwili maagizo, na mtu atakaye kuituliza akili yake hana kosa akianzia chini.

Wa kwanza kulifanyia jambo hili uchunguzi wa miaka mingi kwa upande wa misuli alikuwa Edmund Jacobson, tabibu wa Chicago. Akiwa kijana Harvard, tangu mwaka 1908, alichunguza jinsi watu wanavyoshtuka kwa kelele ya ghafla, akaona kwamba aliyelegea kikamilifu hashtuki kama wengine. Ikiwa ni hivyo, alisema moyoni mwake, basi hofu haiwezi kukaa katika mwili usiokaza mahali popote. Na jambo hilo alilifuata umri wake wote. Kitabu chake kikuu kilitoka mwaka 1929.

Namna alivyofundisha yafaa iangaliwe kwa karibu, maana imepotoshwa sana. Mwanafunzi hulazwa chali kitandani, mikono yake kando, akafumba macho bila haraka. Baada ya muda huambiwa aukunje mkono mmoja kwa nyuma kwenye kifundo, vidole vikielekea darini, kigasha kikiwa kimekaa palepale juu ya shuka, na aushikilie hivyo. Juu ya kigasha, upande wa nje, hutokea hisia hafifu mno, isiyo maumivu, tena si ule mvuto wa kiungo unaosikika kwenye kifundo. Mtu mwingine huhitaji kurudia mara kadha kabla hajaitambua. Hiyo ndiyo hisia ya msuli uliokaza. Kisha huambiwa aache, asiushushe mkono kwa madaha wala asiutupe, bali akome tu kuushikilia, na mkono uanguke. Saa nzima ya siku ile hupita kwa zoezi hilo moja na mapumziko marefu, na siku nyingine hufuata msuli mwingine, mpaka kufikia ile midogo ya macho na ulimi ambayo hukaza kila mtu anapofikiri. Jacobson alishikilia kwamba kulegea si kitendo, bali ni kuacha kitendo, na kwamba ajitahidiye kulegea amekwisha kukaza. Kwa chombo kilichopima umeme wa misuli hata sehemu ya milioni ya volti, alionyesha kwamba mtu anayewaza tu kuukunja mkono, misuli ya mkono ule ule huonyesha dalili ndogo za kazi.

Elimu hiyo ilitaka miezi mingi, na dunia haikuwa na subira. Joseph Wolpe, tabibu wa Afrika ya Kusini aliyewahudumia askari waliovurugwa na Vita Kuu ya Pili, aliifupisha ikawa masomo machache, akaiunganisha na tiba yake ya kumzoeza mgonjwa taratibu na kile anachokihofu. Kitabu chake cha mwaka 1958 kiliieneza duniani. Mwaka 1973 Bernstein na Borkovec wa Marekani waliipanga upya katika mafungu 16 ya misuli, kila fungu likikazwa kwa nguvu muda wa sekunde chache kisha likaachiwa ghafla. Hilo ndilo zoezi linalofundishwa leo katika hospitali nyingi, nalo lina manufaa yaliyothibitishwa kwa wenye fadhaa na wakosao usingizi, silidharau. Lakini msomaji ataona kilichoachwa njiani: Jacobson alimtaka mtu akaze kidogo, na kila siku apunguze zaidi, ili hisia yake iwe kali, ilhali zoezi jipya humtaka akaze sana ili tofauti ionekane upesi. Mwaka 1983 Borkovec huyo huyo, pamoja na Heide, aliandika kwamba baadhi ya watu wenye wasiwasi huzidi wasiwasi wanapolegezwa, kana kwamba ule ukakamavu ndio uliokuwa ukiwalinda, na kuuvua kwa haraka kukawaacha bila ngome. Uaminifu wa mwanachuoni kuandika dosari ya njia anayoifundisha ni jambo la kuheshimiwa.

Wakati Jacobson akipima umeme Chicago, mjini Berlin alikuwako mwalimu wa mazoezi ya viungo, Elsa Gindler, ambaye wanafunzi wake husimulia kwamba alipougua kifua kikuu ujanani, asiwe na fedha ya kwenda milimani kama matajiri, alijiuguza kwa kuisikiliza pumzi yake na kuliachia pafu moja lipumzike. Iwe sahihi yote au sehemu, mafundisho yake yanajulikana: hakufundisha mkao wala hesabu, aliwataka wanafunzi wasimame, waketi, wanyanyue kitu cha kawaida, na watambue ni nini wanachokifanya kisichohitajika. Aliandika kidogo sana, na jina lake lilivuka bahari kwa kinywa cha mwanafunzi wake Charlotte Selver, aliyehamia Marekani mwaka 1938.

Mwanafunzi mwingine wa Gindler, Elsa Lindenberg, aliishi na Wilhelm Reich, na hapo mto ukagawanyika. Reich, tabibu wa nafsi aliyetoka katika mduara wa Freud, aliandika katika miaka ya 1930 juu ya misuli iliyoshupaa kama deraya kuzuia hisia zisitoke, na katika wazo hilo kuna hekima. Lakini yeye na waliomfuata waliona dawa ya deraya ni kuivunja, kwa kuibana misuli kwa mikono, kwa kulia, kupiga mayowe na kupiga mito kwa ngumi. Reich mwenyewe aliishia katika madai ya nguvu ya ulimwengu asiyoweza kuithibitisha, akafia gerezani Pennsylvania mwaka 1957. Mayowe yake yakabaki. Hata leo wako wanaoamini kwamba hasira hutoka kwa kutolewa. Mwaka 2002 Brad Bushman alichapisha jaribio ambalo ndani yake wanafunzi waliokasirishwa kwa makusudi waligawanywa: wengine walipiga gunia huku wakimfikiria aliyewaudhi, wengine walikaa kimya bila kufanya lolote. Waliopiga gunia walibaki na hasira zaidi. Mwili unaofanyishwa vita hujifunza vita.

Hoja bora ya upole ilitolewa na Moshé Feldenkrais, mhandisi na mwanafizikia aliyezaliwa mwaka 1904 katika nchi iitwayo leo Ukraine, akasoma Paris, akawa miongoni mwa waliouingiza mchezo wa judo Ufaransa, akaharibika goti, na kwa ajili ya goti hilo akaanza kuchunguza jinsi mtu anavyojifunza mwendo. Aliitegemea kanuni ya Ernst Weber, Mjerumani wa karne ya 19, kwamba hisia hutambua tofauti kwa uwiano na mzigo uliopo: mwenye gunia la mkaa begani hasikii nzi akitua juu ya gunia hilo. Basi, alisema Feldenkrais, atakaye kuhisi kile kidogo anachokikaza bila kujua, lazima kwanza ashushe gunia. Masomo yake ni ya kulala sakafuni na kufanya mwendo mdogo mno, kugeuza kichwa kidogo kuliko anavyoweza, kuinua bega nusu inchi, mara nyingi na kwa uvivu, mtu akitafuta wepesi badala ya upana. Upole hapa hautoki katika huruma pekee. Ni sharti la kupata habari.

Nitapita upesi kwa F. M. Alexander wa Tasmania, mwigizaji aliyepoteza sauti jukwaani akaitafuta sababu katika shingo yake, lakini siwezi kuacha jaribio lililofanywa Uingereza juu ya mafunzo yake na kuchapishwa mwaka 2008. Wagonjwa 579 wenye maumivu sugu ya mgongo waligawanywa kwa kura. Wengine walipata matibabu ya kawaida tu, wengine kukandwa, wengine masomo 6 au 24 ya Alexander. Baada ya mwaka mmoja, wa matibabu ya kawaida walitaja siku 21 za maumivu katika wiki nne, na waliopata masomo 24 walitaja siku 3. Nafuu ya shughuli za kila siku waliyoipata waliokandwa ilikuwa imefifia. Mtu asitoe hapa hukumu kwamba kukandwa hakufai. Hukumu inayosimama ni kwamba alichotendewa mtu huisha pamoja na mikono ya mtendaji, na alichojifunza hubaki naye.

Katika njia zote nne, pumzi ndiyo ya ajabu kuliko zote, kwa kuwa ndiyo pekee iliyo chini ya hukumu mbili: hujiendesha mtu akiwa amelala fofofo, na humtii akiwa macho. Mtu mzima aliyepumzika huvuta pumzi kama mara 12 hadi 20 kwa dakika. Anapovuta, moyo huongeza mwendo kidogo. Anaposhusha, vagasi hurudi kazini na moyo hupunguza. Anayeweka vidole juu ya mshipa wa mkono na kushusha pumzi taratibu atalisikia jambo hili mwenyewe. Kwa hiyo aongezaye urefu wa kushusha humpa vagasi nafasi zaidi, na mwendo wa kama pumzi 6 kwa dakika huoana na mawimbi ya asili ya msukumo wa damu, yanayokwenda na kurudi kila sekunde 10 hivi, vipimo vya mwili vilivyomo katika mshipa mkuu wa damu na shingoni vikawa hodari zaidi kurekebisha msukumo huo.

Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake walichapisha uchunguzi uliowapima watu 23 wakisoma Salamu Maria kwa Kilatini kama isomwavyo katika rozari, kisha wakisoma maneno ya ibada ya wayogi. Katika hali zote mbili pumzi iliteremka yenyewe kufikia karibu 6 kwa dakika, na vipimo vile vya msukumo vikaimarika. Hapana aliyewaagiza wapumue polepole. Urefu wa maneno ndio uliowaongoza. Mimi sidai kwamba nyiradi zetu baada ya sala, au zikri isomwayo kwa utuo katika halaka, zimepimwa kwa chombo hicho, wala Mwislamu au Mkristo hafanyi ibada kwa ajili ya msukumo wa damu. Lakini aliyekaa karibu na mzee anayevuta tasbihi, akasikia jinsi kila tamko linavyochukua pumzi moja ndefu, hatashangaa kwamba ibada na maabara zimekutana katika tarakimu moja.

Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Stanford uliotoka mwaka 2023 uliongeza jambo dogo lenye manufaa: watu waliofanya kila siku dakika 5 za pumzi ya kushusha moyo, yaani kuvuta kwa pua, kuongeza mvuto mfupi juu yake, kisha kushusha kwa kinywa muda mrefu, walipata furaha zaidi kuliko waliokaa katika tafakuri kwa muda huo huo. Kinyume chake, pumzi za haraka na za nguvu, ambazo sasa zina walimu na wafuasi, huifukuza hewa ya kaboni katika damu kupita kiasi, kichwa kikazunguka na vidole vikawasha, na mwenye hofu huweza kudhani anakufa. Sioni sababu ya kumpitisha mtu mwenye wahka katika mlango huo.

Ngozi nayo ina nyuzi zake za upole, na hili si neno la mshairi. Watafiti wa Gothenburg katika Sweden, akiwamo Håkan Olausson, waligundua kwamba katika ngozi yenye vinyweleo mna nyuzi nyembamba, za mwendo wa taratibu, zinazoamka zaidi mkono unapopita juu ya ngozi kwa kasi ya sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde. Ukipita kwa haraka zaidi au polepole zaidi, hupoa. Kasi hiyo ndiyo watu waitajayo kuwa tamu kuliko nyingine. Mgonjwa mmoja aliyepoteza nyuzi nene za kugusa, asiweze kujua kwa kawaida kwamba ameguswa, bado alisikia raha hafifu alipopitishiwa brashi laini mkononi.

Bibi mkandaji wa pwani hakungoja habari hii. Huyamimina mafuta ya nazi katika kiganja, akayasugua mpaka yapate joto la mikono yake, akaanzia nyayoni bila kusema, akapanda na mguu kwa kiganja kizima si kwa ncha za vidole, na akifika penye fundo halishindilii, hulizunguka na kulirudia mpaka aliyelala ashushe pumzi. Hapo ndipo anapoongeza uzito. Mwanamwari asingwaye kwa liwa kabla ya harusi, na mzazi anayekandwa katika arobaini yake, hupata zaidi ya ngozi laini: hupata mikono ya mtu asiye na haraka naye. Hata hivyo heshima ya mila isitufumbe macho. Mzazi anayekandwa tumbo kwa maji yanayounguza, kwa imani kwamba pasipo kuungua hapana dawa, hudhuriwa. Palipo na upole mila yetu ni hazina, na palipo na ukali inapasa kuachwa.

Ushahidi mkubwa kuliko wote juu ya ngozi umetoka kwa wasioweza kusema. Edgar Rey alianza Bogotá, mwaka 1978, kuwafunga watoto njiti kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kwa upungufu wa vitanda vya joto. Jaribio lililofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, lililochapishwa mwaka 2021, liliwahusu watoto 3,211 wa uzito wa kilo 1 hadi kasoro ya kilo 1.8: miongoni mwa waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa 12 katika kila 100, na miongoni mwa waliongoja mpaka hali zao zitulie walikufa karibu 16. Joto, maziwa na kinga dhidi ya maradhi vyote vina fungu katika hesabu hiyo, na si haki kuupa utulivu peke yake. Wala si haki kuutoa.

Baada ya kuyakubali haya, yako ya kukataliwa. Husemwa siku hizi kwamba msiba wa zamani hukaa katika msuli fulani wa nyonga, na kwamba ukitikiswa utatoka; hapana aliyeuona huko. Nadharia ya Stephen Porges wa Marekani, aliyoitangaza mwaka 1994, kwamba vagasi ina ngazi mbili za zama tofauti zinazoamua usalama na ganzi ya mtu, imewasaidia wengi kuieleza hali yao bila aibu, ila wanafiziolojia wameipinga kwa hoja nzito, na mwalimu anayeifundisha kama jambo lililokwisha thibiti hawatendei haki wanafunzi wake. Mazoezi yanaweza kufaa ilhali maelezo yake ni mabovu. Tena, mwenye maumivu ya kifua aende kwa daktari kabla ya kwenda kwa mwalimu wa pumzi, na aliyepatwa na dhuluma ya mwili asilazimishwe kufumba macho wala kuguswa. Na aanze macho yakiwa wazi, nyayo zikikanyaga sakafu, akiutazama mlango akitaka.

Liko pia swali la sababu. Dereva anayeamka saa kumi alfajiri kutafuta hesabu ya tajiri wake, au mama anayehesabu kodi ya chumba kila usiku, mabega yao yamepanda kwa haki, na kuwafundisha kuyashusha bila kuigusa sababu ni kuwapa nusu ya wanachostahili. Lakini nusu si kitu cha kudharau. Katika makazi ya Rhino Camp nchini Uganda, wanawake 694 wakimbizi kutoka Sudan Kusini, wa vijiji 14, walishiriki katika jaribio la mafunzo ya Shirika la Afya Duniani lililochapishwa mwaka 2020. Vijiji vilivyopewa mafunzo viliwakusanya wanawake makundi makundi, wakasikiliza sauti iliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, ikiwaongoza pamoja na mambo mengine kuzisikia nyayo zao juu ya ardhi na kushusha pumzi taratibu. Hawakurudishiwa nyumba wala waume kwa mafunzo hayo. Dhiki ya nafsi ilipungua, na miezi mitatu baadaye nafuu ilikuwa ndogo zaidi lakini ilikuwapo.

Jaribio hilo halikumhitaji tabibu bingwa wala chumba cha gharama. Lilihitaji lugha ya wasikilizaji, sauti iliyotulia, na mtu wa mahali pale aliyefundishwa kwa siku chache kukaa na kundi. Natamani kusikia masomo ya namna hiyo kwa Kiswahili kizuri redioni, kabla ya habari za usiku, na katika zahanati zetu, ambako wajawazito na wagonjwa wa msukumo wa damu hukaa juu ya mabao saa nyingi wakingoja zamu, nayo yakatolewa bure, na waganga wakiwauliza wagonjwa wiki ijayo kama wamelala vizuri zaidi.